Ubao na jaketi kwa msimu wa Whistler: jibu kwa ndugu wa Moshi

Ndugu yangu, hongera kwa kupata kazi ya hotelini Whistler, Kanada, kwa msimu mzima wa baridi. Umeeleza kwamba una kilo 82, unavaa kiatu namba 45, hujawahi kusimama juu ya ubao wa theluji (snowboard, ule wa kutelezea mlimani ukiwa umesimama), na kuna mtu yuko tayari kukuuzia ubao wake wa sentimita 150 kwa bei ya kutupa utakapofika Novemba. Umeuliza pia kama jaketi nene la manyoya ya bata ulilolipata soko la Memorial litakufaa. Nimefanya kazi kule misimu kadhaa, muda mwingi nikiwa kwenye duka la kukodisha vifaa, ambako kazi yangu ilikuwa kuwapima wageni mabuti na kuwachagulia mbao. Jibu langu ni kwamba ubao huo usiununue, na jaketi hilo litakufaa kwa matembezi ya kijijini Whistler, chini ya mlima, lakini mlimani usipande nalo.

Nianze na jaketi, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye joto tukisikia theluji tunakimbilia nguo nzito. Whistler iko kwenye milima ya pwani ya British Columbia, yapata kilomita 120 kutoka Vancouver, na hewa inayoipanda milima hiyo hutoka Bahari ya Pasifiki ikiwa imejaa unyevu. Kijiji kiko mita 675 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali vilele vinapita mita 2,100. Ndiyo maana hata katikati ya Januari unaweza kuondoka chini mvua ikinyesha, ukapita kwenye theluji nzito iliyolowa, kisha ukafika juu kwenye upepo unaouma masikio. Manyoya ya bata yakilowa hushikana mabonge na kupoteza joto lake karibu lote, na kuyakausha ndani ya chumba mnachoishi watu wanne ni kazi ya siku mbili.

Unachohitaji ni jaketi jepesi lisilo na pamba ndani, lisilopitisha maji, na lenye nafasi ya kuvaa nguo nyingine chini yake. Kwenye lebo utakuta namba mbili. Ya kwanza ni ya maji, nayo hupimwa kwa milimita: 10,000 maana yake kitambaa kilistahimili uzito wa maji yenye kimo cha mita 10 kabla ya kuanza kupenyeza. Ya pili ni gramu za mvuke wa jasho zinazoweza kutoka katika mita moja ya mraba ya kitambaa kwa saa 24. Kwa Whistler mimi nisingeshuka chini ya 15,000 kwa namba ya kwanza, na ukimudu 20,000 ni bora zaidi. Ungekuwa unakwenda Banff, ndani zaidi ya Kanada, au Hokkaido kule Japani, ambako theluji huwa kavu zaidi, ningekwambia 10,000 inatosha na fedha inayobaki uitumie kwa nguo za joto za ndani.

Namba hizo hazina maana iwapo mishono inavuja. Ligeuze jaketi nje ndani na uitazame mishono: kila mmoja unapaswa kufunikwa na utepe mwembamba uliobandikwa kwa joto. Mengine yamefunikwa mabegani na kwenye kofia tu, na hayo hayatakufaa ukinyeshewa kwa muda wa saa tatu kwenye lifti ya viti, yaani viti vinavyoning'inia kwenye waya kupandisha watu mlimani. Kwenye mitumba, iwe Memorial au Gikomba, jaketi halisi za theluji hupatikana, na wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hilo vizuri, lakini nyingi zimezeeka. Pitisha kidole gumba kwenye utepe. Ukiinuka kirahisi, au utando wa ndani ukiachia vipande vyeupe kama magamba, liache. Likionekana zima, weka kiganja chako upande wa ndani, mwaga maji kidogo upande wa nje wa kitambaa, yasugue kwa dakika chache, kisha ukague kiganja. Maji kutiririka juu ya kitambaa ni dalili ya dawa ya nje tu, ambayo huisha na inaweza kupakwa upya.

Chini ya jaketi vaa fulana ya sufu au ya poliesta inayobana mwili, na juu yake flisi, ile sweta nyepesi ya kitambaa laini chenye vinyweleo. Fulana ya pamba hushika jasho na kukupoza mara unapokaa kwenye lifti. Suruali usiifanyie ubahili kuliko jaketi, maana anayejifunza hutumia muda mwingi akiwa amekaa au amepiga magoti kwenye theluji, na maji hupenyezwa na uzito wa mwili wake mwenyewe.

Sasa mabuti, ambayo kwangu yanatangulia ubao. Nunua mapya hata kama ubao utakuwa uliokwisha kutumika, kwa sababu buti lililokwisha kuvaliwa limechukua umbo la mguu wa mwenzako. Simama kisigino kikigusa ukuta, pima hadi kidole kirefu zaidi, na sentimita utakazopata ndizo saizi iliyoandikwa ndani ya buti. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisiinuke hata kidogo. Wageni wengi waliorudi dukani wakilalamikia ubao walikuwa wamejichagulia mabuti makubwa mno.

Ubao huchaguliwa kwa uzito wa mtu, kisha kwa ukubwa wa buti. Ile kanuni ya kuusimamisha ubao ufike kidevuni haijui kama una kilo 60 au 90. Kwa kilo 82 tafuta kati ya sentimita 156 na 160. Kwa mguu wa 45, upana wa kiunoni mwa ubao, pale katikati ulipo mwembamba zaidi, uwe kuanzia milimita 260, yaani zile mbao zinazotengenezwa kuwa pana kwa makusudi. Kwenye ubao mwembamba, vidole na visigino vya buti hutokeza nje ya kingo. Unapouinamisha ili ukate kona, buti hugusa theluji kabla ya ukingo wa chuma kushika, na unaanguka bila kuelewa kwa nini. Mtu anayejifunza atadhani hana kipaji, kumbe ni milimita tu. Chagua ubao unaonepa kiasi, uliobenuka kidogo kwenye ncha zake, kwa kuwa ukingo wake haunasi ovyo.

Ukipata uliotumika, mikwaruzo ya juu isikutishe, na kutu nyepesi ya ukingoni hufutika. Kagua kama tabaka zimeachana pembeni, kama ukingo wa chuma umepasuka, na kama matundu ya skrubu yanalingana na vifungio vya kushikia mabuti ulivyo navyo. Wiki mbili za kwanza kodisha. Aprili wafanyakazi wanapofungasha kurudi kwao bei hushuka sana, lakini hata Novemba maduka huwa bado yana bidhaa za mwaka uliotangulia kwa punguzo.

Usisahau kofia ngumu na vilinda viganja, kwani kuvunjika kifundo cha mkono ndilo jeraha la kawaida la wanaojifunza. Ukiwa na rasta au misuko, jaribu kofia hiyo ukiwa na nywele hizo hizo.

Nikirudi kwa muuzaji wako, mwulize upana wa kiunoni, ambao kwa kawaida huandikwa upande wa chini wa ubao au kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kwa sentimita 150 sitarajii ufike 260. Ukishapata jaketi lingine, weka hapa picha ya lebo na ya mshono wa bega kwa ndani, nami nitaitazama kabla hujalipa.