Uthabiti wa meli kwa anayeanza: ifuate G kwanza

Wengi wanaoanza somo la uthabiti wa meli hukimbilia fomula. Wanazikariri, wanafaulu mtihani, kisha wakipanda melini na kuulizwa kama tangi fulani linaweza kuachwa nusu, wanaduwaa. Kabla hujashika kalamu, jiulize kwanza: uzito huu uliopakiwa, uliohamishwa au uliotoka, umeisogeza G wapi? Hesabu itafuata.

G ni kitovu cha uzito wa meli pamoja na vyote vilivyomo. B ni kitovu cha kuelea, yaani katikati ya sehemu ya meli iliyozama, ambako msukumo wa maji unaelekea juu. Wimbi likiiinamisha meli, G haiondoki mahali pake maadamu hakuna kilichohama ndani. Inayohama ni B, kwa sababu umbo lililozama limebadilika. Kutoka kwenye B hiyo mpya, chora mstari wima kwenda juu. Pale unapokatana na mstari wa katikati ya meli ndipo M, metasenta. M ikiwa juu ya G, maji yanairudisha meli. Ikiwa chini yake, yanazidi kuilaza. Umbali kati ya hizo mbili ndio GM, na vimo vyote hupimwa kutoka K, yaani kwenye mkuku, uti wa chini kabisa wa meli: GM = KM − KG. KM utaisoma kwenye majedwali ya meli kulingana na mzamo wake, yaani kina ambacho meli imezama majini. KG ni kazi yako, na hapo ndipo watu hukosea.

Chukua meli yenye uzito wa tani 8,000, upana mita 18, KM mita 7.30 na KG mita 6.50. GM ni mita 0.80, si haba. Sasa hamisha tani 100 za shehena kutoka kimo cha mita 3 ndani ya ngama, chumba cha shehena chini ya sitaha, hadi mita 11 juu ya sitaha. Zidisha 100 kwa 8, gawa kwa 8,000: G imepanda mita 0.10. GM imebaki 0.70, na bado hakuna wa kushtuka.

Halafu mtu anafungua valvu na kuliacha tangi moja la balasti, yaani maji ya kuiongezea meli uzito, likiwa na nafasi juu ya maji. Urefu wake ni mita 20, upana mita 12. Meli ikiinama, maji yale hukimbilia upande ulioinama, nayo meli inakuwa kama ambaye G yake imepanda. Upotevu huo ni urefu wa tangi mara upana wake kwa kipeo cha tatu (12 × 12 × 12), gawa kwa 12 (hii ni namba ya fomula, si upana), zidisha kwa densiti ya maji (1.025), kisha gawa kwa uzito wa meli. Jibu ni karibu mita 0.37, zaidi ya mara tatu ya zile tani 100 zilizopandishwa sitahani. GM iliyobaki ni 0.33.

Iangalie hesabu hiyo tena. Kiasi cha maji hakimo. Kilichomo ni ukubwa wa uso wake, hasa upana. Ndiyo maana matangi hugawanywa kwa ukuta wa katikati unaokwenda na urefu wa meli: ukuta mmoja unashusha upotevu hadi robo, mita 0.09 tu hapa. Na ndiyo maana ofisa mzoefu huhangaika kila tangi liwe limejaa kabisa au limekauka kabisa, hata mabaharia wakimwona msumbufu.

Kuna mengine mawili yanayompita mgeni. Mzigo ukining'inia kwenye kreni ya meli yenyewe, uzito wake unahesabiwa kwenye ncha ya mkono wa kreni, tangu sekunde unapoachana na sakafu. La pili, mafuta yaliyo kwenye matangi ya chini yanatumika njiani, kwa hiyo G inapanda siku hadi siku bila mtu kugusa shehena. Piga hesabu ya kuondoka na ya kuwasili.

GM pekee inatosha kwa mwinamo mdogo tu. Zaidi ya nyuzi 10 hivi, tazama mchoro wa GZ, wenzo wa kurejesha, yaani umbali wa mlalo kati ya uzito unaoshuka kupitia G na msukumo unaopanda kupitia B. Kanuni za IMO, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, za mwaka 2008 zinataka, pamoja na mengine, GM isipungue mita 0.15 na GZ ifike angalau mita 0.20 kwenye nyuzi 30 au zaidi.

Ukiikuta meli imelala upande, usikimbilie kuhamishia maji upande ulioinuka. Kwanza ujue sababu. Kama uzito umeelemea upande mmoja, sawa, usawazishe. Lakini kama GM imekwenda chini ya sifuri, meli inaweza kulalia upande wowote, na ukiijaza upande wa juu itajibwaga upande wa pili kwa kishindo, pengine isirudi. Hapo tiba ni kuishusha G: jaza matangi ya chini yaliyogawanywa, moja moja, ukianza na upande uliolala. Mwanzoni italala zaidi kidogo. Usibabaike.

Kompyuta ya shehena ni msaada mkubwa, ila inahesabu ulichoilisha. Tarehe 8 Septemba 2019 meli ya magari Golden Ray ilipinduka ikigeuka wakati wa kutoka bandari ya Brunswick, Marekani. Wachunguzi walikuta takwimu za balasti zilikuwa zimeingizwa kimakosa kwenye programu. Kwa hiyo soma mzamo kwa macho yako na uulinganishe na skrini. Hata hivyo, mzamo unakuonyesha uzito tu, haukuonyeshi uzito huo umekaa kimo gani. Kimo utakipata kwa saa: baharini, pima sekunde za mrama mmoja kamili, kwenda na kurudi, urudie mara kadhaa utafute wastani. Kwa makadirio, sekunde hizo ni 0.8 mara upana wa meli, gawa kwa kipeuo cha pili cha GM. Meli yetu ya mfano, ikiwa na GM ya 0.80, inachukua sekunde 16 hivi, ikibaki 0.33, ni 25. Abiria ataufurahia mrama huo wa polepole. Wewe ukiuona umerefuka kuliko jana, nenda kapime matangi.