Pilgrim's Rest usiifanye kituo cha kuchimba dawa

Mkuu, umeuliza kama Pilgrim's Rest, kijiji cha zamani cha machimbo ya dhahabu kule Mpumalanga, Afrika Kusini, inastahili siku nzima au upite tu dakika ishirini ukielekea Bourke's Luck Potholes, yale mashimo ya mwamba mtoni. Mimi nimefanya yote mawili. Safari ya kwanza nilishuka kama abiria wa basi anayechimba dawa, picha mbili za nyumba za mabati nikasepa, na hadi leo naona nilijipunja.

Safari ya pili nikalala hukohuko. Asubuhi mapema kabla magari ya watalii hayajafika mtaa mzima unakuwa wako, mabati mekundu yana umande, unasikia kijito chini kule, hapo ndo unaelewa watu walifuata nini. Mwaka 1873 jamaa anaitwa Alec Patterson, walimpa jina la Wheelbarrow maana mali zake zote alikuwa anazisukuma kwenye toroli, alipata dhahabu kwenye hicho kijito akakausha kama hajaona kitu. Sasa siri ya dhahabu inakaaga? Mwenzake William Trafford naye akaipata akaenda kuandikisha, bonde likajaa mahema mwaka huohuo. Baadaye ikaingia kampuni na mashine, na mwaka 1902 Makaburu wakiwa vitani na Waingereza walifyatua hapo sarafu zao za dhahabu 986 tu.

Usikose pale Diggings Museum, wanaonyesha jinsi ya kuosha mchanga kwa karai kutafuta dhahabu. Mimi nilidhani ni mchezo wa watoto, nikaambiwa nijaribu. Unazungusha maji taratibu, mchanga mwepesi unamwagika ukingoni, unabaki ule mweusi mzito, nikajiona fundi nikazungusha kwa nguvu, nikamwaga vyote mtoni, mzee aliyekuwa ananielekeza akacheka mpaka akakaa chini. Yeye alipofanya zilibaki chembe tatu za dhahabu, ndogo kuliko punje ya chumvi, nikawaza mtu anashinda kwenye maji baridi kutwa nzima kwa hizo.

Halafu panda makaburini. Makaburi yote yamelala upande mmoja isipokuwa moja limekingama, limeandikwa Robber's Grave. Wanasema aliiba kwenye hema la mwenzake, akafukuzwa, akarudi, akapigwa risasi akazikwa palepale alipoanguka.

Sasa mambo ya matembezi. Graskop iko kama kilomita 15, barabara ina kona kwelikweli, usiendeshe na ukungu. Maporomoko ya Mac Mac Falls yako kwenye barabara ya kati ya Sabie na Graskop, maji yanaanguka mita 65 hivi, na jina limetokana na Waskoti waliojaa kwenye machimbo ya hapo, kila mtu Mac nani sijui. God's Window, ukingo wa mlima wa kutazamia bonde, mimi niliiwahi saa moja asubuhi nikiwa najisifu, nikakuta weupe mtupu kama nimefunikwa shuka, nikarudi saa tano nikaona bonde lote mpaka mbali huko. Kwa hiyo asubuhi kaa mjini, vilele viache mchana.

Bourke's Luck ndo nilipopapenda zaidi. Mto Treur (huzuni) unakutana na Blyde (furaha), na mwamba umetobolewa mashimo ya duara na mchanga na mawe yanayozungushwa na maji miaka na miaka. Ukitoka kuosha karai asubuhi ukafika hapo utashtuka, ni kitu kilekile, mto wenyewe unazungusha karai lake. Huyo Tom Bourke ambaye mahali hapo pamepewa jina lake naye alikuwa mtafuta dhahabu.

Msimu? Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane mbingu ni safi ila maporomoko yanapungua nguvu na usiku baridi inakata, mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza maji yako full ila mvua za mchana utazioga. Mimi naenda mwezi wa nne. Na viatu viwe vinashika, kandambili niliziona zinaelea shimoni pale Potholes, moja tu, ya mguu wa kushoto.