Kidato cha sita: kukesha peke yake hakutoshi

Dada, umesema mdogo wako wa PCB (tahasusi ya Fizikia, Kemia na Biolojia) anakesha na mitihani iliyopita lakini alama za moko (mtihani wa majaribio) zinazidi kushuka. Je, anajisahihisha? NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, wanaweka kwenye tovuti yao, bure, uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Humo kuna picha za majibu mazuri na mabovu, na maelezo ya walipokosea. Wengi hawaufungui kabisa, inauma sana. Ajibu swali kwa kupima muda, daftari limefungwa, ndipo alinganishe na uchambuzi huo. Praktiko ya kemia asiisubirishe: mkono uzoee bureti (mrija wa kupimia kimiminika), na kila usomaji aandike desimali mbili. Vigezo vya chini vya kuingia shahada ni pointi nne kwenye masomo mawili ya tahasusi, mfano D mbili, ila udaktari wanataka zaidi.