Je, kiriba chenye wanga huoza ardhini?

SWALI: Mhariri, ninaotesha miche ya mikorosho hapa Newala. Msimu wa juzi niliuziwa viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, nilivyoambiwa vina wanga na huoza vyenyewe, nami nikapanda miche bila kuvivua. Juzi nilifukua mche uliodumaa, nikakuta kiriba kimetobokatoboka kama chekeche na kinakatika mkononi, lakini bado kipo. Je, kinaendelea kuoza?

JIBU: Ndugu msomaji, matundu uliyoyaona yanaeleza karibu yote. Viriba vya namna hiyo aghalabu ni poliethilini, yaani plastiki ya kawaida, iliyotawanyiwa chembe za wanga. Udongo ukipata unyevu, kuvu na bakteria hutoa vimeng'enya vinavyouvunja wanga kuwa sukari, wakaila. Pale palipokuwa na chembe hubaki tundu, na plastiki inayolizunguka hulegea na kukatika. Poliethilini yenyewe ni minyororo mirefu ya kaboni ambayo viumbe hao hawaimudu ila polepole mno, na chini ya ardhi, ambako jua haliifikii kuidhoofisha, vipande vyake vinaweza kukaa miaka mingi sana. Kwa hiyo kilichooza ni wanga. Plastiki imegawanyika tu, na vipande vidogo ni vigumu kuokota kuliko kiriba kizima.

Kama umebakiwa na kiriba kipya, kikate, kisha udondoshee iodini ya dukani kwenye ukingo uliokatwa: penye wanga hugeuka buluu iliyokoza hadi nyeusi. Fanya hivyo pia kwa kipande ulichofukua, baada ya kukiosha; kikibaki na rangi ya kahawia ya iodini, wanga umekwisha na ulichoshika ni plastiki.

Zipo plastiki ambazo wanga huchanganywa na poliesta inayoweza kuliwa na vijidudu, na hizo ni jambo jingine kabisa. Hata hivyo, kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432, kinachodai asilimia 90 ya kaboni igeuke hewa ya ukaa ndani ya miezi 6, ni cha mboji ya viwandani, yenye joto la nyuzi 58 hivi. Shamba la Newala halifiki huko, na kuanzia Juni hadi Oktoba udongo hukauka, vijidudu wakapunguza kazi.

Msimu huu chana kiriba na ukitoe kabla ya kufukia shimo. Kwa ule mche uliodumaa, tazama kama mizizi imejizungusha ndani ya kiriba, kwa kuwa mzizi mkuu wa mkorosho hutaka kushuka moja kwa moja.