Kupungua umepungua, sasa kilo zisirudi

Juzi mdogo wangu mmoja wa Iringa kaniandikia inboksi, anasema alipungua vizuri tu, sasa kilo zote zimerudi na nyongeza juu, nimpe dayati gani mpya. Nikamjibu dayati unayo, si ilishakupunguza? Kilichokosekana ni utaratibu wa kuishi nayo baada ya kupungua.

Mimi miaka inapita sijarudi nilikotoka na najivunia, tena sana, maana maneno niliyoyasikia hapa Mbeya nayajua mwenyewe. Mama mmoja pale Mwanjelwa alinishika mkono mbele za watu akaniuliza kama nimeanza kutumia dawa. Ndugu zangu wa damu nao wakawa wananisema jikoni. Mpaka leo inaniuma. Na hayo ndiyo yanawarudisha wengi, unaambiwa umeisha, unaanza kula ili uonekane mzima.

Halafu mwili wenyewe unapambana. Ukipungua, homoni ya leptini inayouambia ubongo umeshiba inashuka, homoni ya njaa, grelini, inapanda, na utafiti wa Australia uliotoka 2011 ulikuta hata mwaka mzima baadaye bado hazijakaa sawa. Kwa hiyo ukisikia njaa usijitukane.

Marekani tangu 1994 wana rejista ya watu waliopungua angalau kilo 13.6 na hawajazirudisha kwa mwaka au zaidi, wameshapita 10,000. Asilimia 78 wanakula asubuhi kila siku, 75 wanapanda mizani angalau mara moja kwa wiki, 90 wanafanya mazoezi kama saa moja kwa siku, na zoezi lao kubwa ni kutembea. Kutembea jamani, wala sio jimu ya hela nyingi!

Mimi bajaji niliacha, Soweto mpaka Kabwe naenda kwa miguu hata ile baridi ya Juni. Jumamosi napanda mizani kabla ya chai, ikisogea kidogo tu wali wa Kyela napunguza siku hiyo hiyo, maharage na mboga naongeza. Usisubiri nguo zikubane ndo ushtuke.

Na kwenye shughuli mama mkubwa akikujazia sahani usibishane naye, pokea kwa mikono miwili, mwambie asante mama, kula kinachokutosha, kinachobaki wape watoto.