Kwa mnaoanza kuigiza: sini ya msiba iko mikononi

Mwigizaji mpya akipewa sini (kipande kimoja cha igizo) ya msiba, swali lake la kwanza huwa: machozi nitayatoa wapi? Machozi yana dawa. Tone la glisarini linateremka shavuni vizuri, ila jicho linabaki jeupe. Mentholi ikipakwa chini ya jicho hulichonyota mpaka liwe jekundu na kutoa chozi lake lenyewe. Watu wa mekapu wanayajua haya, waachie.

Wewe shughulika na mikono. Ukienda msibani, watazame wafiwa (kwa adabu, simu mfukoni). Mama wa watu anauliza kama waliosafiri usiku wamepata chai. Anatafuta kitambulisho cha marehemu kwa ajili ya kibali cha mazishi, anakiona, anakaa nacho. Kilio kinamjia hapo, naye anahangaika kukizuia. Kule kujizuia ndiko kunakomuumiza mtazamaji. Ukipiga yowe tangu mlangoni, umemmalizia kazi yote.

Tafuteni sehemu iitwayo The Body katika tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer, ya mwaka 2001. Sarah Michelle Gellar, anayeigiza kama Buffy, anamkuta mama yake amekufa kwenye kochi. Anatapika kwenye zulia, kisha anachukua karatasi za jikoni na kupafunika. Mama kalala pale, yeye anashughulika na zulia! Na sehemu nzima haina muziki. Kwetu kinanda kingeshaanza kulia kabla hata mlango haujafunguliwa.

Kambini, mnakorekodia, muulize mwongozaji anaanza na picha ipi. Mara nyingi picha pana hutangulia, za uso kwa karibu zikafuata. Ukijimwaga wote kwenye picha pana, kamera ikikusogelea huna kitu. Sini pia hazipigwi kwa mfuatano. Asubuhi unamzika mume, mchana unafunga naye ndoa. Kwa hiyo andika pembeni ya skripti: hii ni siku ya ngapi tangu kifo? Mjane wa Kiislamu anakaa eda miezi 4 na siku 10, hajipambi. Nimechoka kuwaona wana hina mbichi wiki ya pili. Kumbuka pia kitambaa ulikishika mkono gani, maana picha zitaunganishwa.

Halafu maneno yasikike. Kwikwi ziweke kati ya sentensi, usilie juu ya mstari wako, la sivyo utaitwa studio kuyarudia maneno yaleyale huku umeshashiba wali na uchungu wote umekwisha.