Soketi za nyumba: ringi au radiali?

Fungua bodi ya breka ya nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, utakuta soketi zimefungwa kwa namna moja kati ya mbili. Breka ya 32A (ampea 32) yenye nyaya mbili za moto chini ya skrubu moja kwa kawaida ni ringi: waya umetoka kwenye breka, umepita soketi zote, kisha umerudi kwenye breka ileile. Breka ya 20A yenye waya mmoja ni radiali: waya umetoka, umepita soketi moja baada ya nyingine, na umeishia kwenye ya mwisho. Waya wenyewe unaweza kuwa uleule wa 2.5, yaani unene wa milimita za mraba 2.5. Kinachotofautiana ni nini kinaulinda, na nini hutokea ukikatika.

Kwa nyumba mpya, tunashauri radiali.

Ringi ilizaliwa Uingereza, nchi ilipokuwa inajenga upya baada ya Vita Kuu ya Pili huku shaba ikiwa adimu. Waya mwembamba ukilishwa kutoka ncha zote mbili unahudumia eneo kubwa, kwa kanuni za huko hadi mita za mraba 100, kwa breka moja ya 30A au 32A. Lakini mpango huo ulikuja na mwenzake: plagi ya pini tatu za mraba yenye fyuzi ndani, iliyowekewa kiwango cha BS 1363 mwaka 1947. Breka inalinda waya wa ukutani. Fyuzi ya plagi, ya 3A au 13A, inalinda waya mwembamba wa kifaa.

Sasa angalia tunavyotumia soketi hizo huku. Chaja, redio na pasi nyingi huja na plagi ya pini mbili za mviringo, na mtu huingiza kalamu kwenye tundu la ethi (waya wa ardhini wa kinga) ili kifuniko cha ndani kifunguke. Plagi hiyo haina fyuzi. Ulaya bara inakotoka, sakiti ya soketi kwa kawaida hulindwa na breka ya 16A. Ukiichomeka kwenye ringi, waya wa redio wa 0.75 unabaki umelindwa na breka ya 32A peke yake, na ukizidiwa unaweza kuungua kabla breka haijashtuka. Breka ya 20A si tiba kamili, ila hatari inapungua sana. Tiba ni kukata plagi hiyo na kufunga ya pini tatu yenye fyuzi inayostahili.

Jambo la pili ni joto. Nyaya za 2.5 ndani ya paipu ya plastiki hubeba 24A hewa ikiwa nyuzi joto 30. Hewa ikifika 40, zidisha kwa 0.87: unabaki na 20.9A. Juu ya dari chini ya bati mchana wa Februari, 40 ni kawaida. Ukipitisha sakiti mbili kwenye paipu moja, zidisha tena kwa 0.8, na unashuka hadi 16.7A, ambapo hata breka ya 20A ni kubwa mno. Kwa hiyo kila sakiti ya soketi ipewe paipu yake. Fundi akikuambia paipu moja inatosha zote, mwonyeshe hesabu hii.

Kwenye ringi kuna mtego mwingine. Mkondo haugawanyiki nusu kwa nusu. Unafuata urefu wa waya. Chukua ringi ya mita 50, jiko likiwa mita 5 kutoka kwenye bodi. Birika, oveni ndogo na pasi zikivuta 26A kwa pamoja, upande mfupi utabeba asilimia 90, yaani 23.4A. Waya ule uliobaki na uwezo wa 20.9A umeshazidiwa, na breka ya 32A haina habari.

Ubaya mkubwa wa ringi ni kwamba ikikatika hukuti dalili. Skrubu ikilegea nyuma ya soketi ya chumbani na waya wa moto ukachomoka, soketi zote zinaendelea kufanya kazi. Ringi imekuwa radiali mbili zilizolindwa na 32A, na hakuna anayejua. Radiali ikikatika, soketi za mbele zinazima na unamwita fundi siku hiyohiyo. Nyumba zetu hujengwa kwa awamu: leo vyumba viwili, mwaka kesho banda la uani, na kila fundi anaongeza soketi kutoka kwenye ile iliyo karibu. Radiali inavumilia nyongeza hizo maana breka yake inalingana na waya wake. Ringi haivumilii: kila tawi (waya unaochepuka kutoka kwenye ringi) lisilo na fyuzi linaruhusiwa soketi moja tu, ya mdomo mmoja au miwili.

Kama tayari una ringi, ipime kabla ya kuamua kuibomoa. Zima meni swichi na uhakikishe kwa mita. Nyaya zinazoingia kutoka mita ya shirika bado zina umeme, usiziguse. Chomoa ncha mbili za moto, mbili za nyutro (waya wa kurudisha mkondo) na mbili za ethi. Pima ncha kwa ncha ya kila rangi. Shaba ya 2.5 ina omu 0.00741 kwa mita, hivyo ringi ya mita 50 isome karibu 0.37. Mita ya kawaida haisomi vizuri chini ya omu moja, lakini hata mlio wake utakuambia kama ringi imekatika. Kisha, kwa mita ya omu ndogo, unganisha moto wa ncha ya kwanza na nyutro ya ncha ya pili, na nyutro ya kwanza na moto wa pili, halafu pima moto na nyutro kwenye kila soketi. Zote zisome karibu 0.185. Soketi inayosoma zaidi iko kwenye tawi au ina skrubu iliyolegea. Zote zikitofautiana kwa mpangilio wa kupanda na kushuka, umeunganisha ncha za upande mmoja. Badilisha na urudie.

Ikiwa imekatika na huwezi kuvunja ukuta, igeuze radiali mbili: tafuta soketi penye mkato, tenganisha hapohapo nyutro pia, na kila upande upate breka yake ya 20A. Ukiacha nyutro zimeungana, mkondo wa sakiti moja utarudi kupitia nyingine.

Kwa nyumba mpya ya vyumba vitatu, mpangilio wetu ni huu. Sebule, 2.5 kwa 20A. Vyumba vya kulala, 2.5 kwa 20A. Jiko peke yake, waya wa 4 kwa 25A. Usiweke 32A, kwa kuwa uwezo wa waya huo, 32A, unashuka hadi 27.8 kwenye joto letu. Hita ya kuoga ya kilowati 5.5 inavuta 24A, ipewe waya wa 6 na breka ya 32A, bila soketi yoyote njiani. Kila kiyoyozi na sakiti yake. Zote zipitie RCD, swichi inayokata umeme mkondo ukivuja, ya miliampea 30.

Radiali ina udhaifu wake, na uko kwenye ethi. Ethi ikilegea soketi ya pili, zote za mbele zimepoteza kinga, na taa ya kwenye soketi itawaka kama kawaida. Pima ethi soketi hadi soketi, kutoka bodi mpaka ya mwisho. Usikubali viungo vya kusokota na kuzungushia tepu juu ya dari. Kila kiungo kiwe kwenye soketi yenyewe, panapofunguka kwa bisibisi.

Na kagua waya dukani. Waya wa 2.5 wa nyuzi saba una nyuzi za milimita 0.67. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Mita 100 za waya halisi zina shaba ya karibu kilo 2.2 bila kuhesabu plastiki. Rola la urefu huo lenye kilo moja na nusu, lirudishe.